Daftari la Kikundi Likifutika Ndani ya Flashi



Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo siku hizi linagusa karibu kila kikundi cha kujisaidia: kumbukumbu za kikundi zikipotea ndani ya flashi au kompyuta, je, zaweza kupatikana tena? Jibu letu fupi ni hili: mara nyingi zaweza, lakini ni kama tu mtu ataacha kukitumia kifaa hicho mara moja. Mengine yote tutakayosema yanatoka katika jibu hilo.

Tutaeleza pia juu ya chombo ambacho mafundi na wapelelezi hutumia kuzitafuta kumbukumbu hizo, yaani programu ya heksi. Hatutaki kila mwanachama awe fundi. Tunataka mwenyekiti, katibu na mweka hazina wajue la kufanya katika ile saa ya kwanza, na wajue la kumuuliza fundi.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Zamani katibu alibeba daftari moja kubwa, na kila mtu alilijua. Siku hizi hesabu huandikwa mkutanoni, halafu kijana mmoja wa kikundi anaziingiza kwenye kompyuta, ama mnaenda saiba mkachapiwa. Pale Dagoretti Corner, mahali Ngong Road inapokutana na Naivasha Road, watu wa Kawangware, Riruta, Satellite na Waithaka hupita kila siku, na wengi wao wana flashi mfukoni au mkobani. Kifaa hicho kidogo kama kidole kimebeba majina ya wanachama, nambari za vitambulisho, michango, mikopo na minitsi za miaka kadhaa.

Ikipotea hiyo, hasara si ya karatasi tu. Mama aliyemaliza kulipa mkopo wake anaweza kuambiwa bado anadaiwa. Aliyekopa na hajalipa anaweza kunyamaza. Na mweka hazina mwaminifu anaweza kuitwa mwizi mbele ya majirani na watoto wake, eti amefuta ili afiche. Vikundi vingi huvunjika kwa sababu ya maneno, wala si kwa sababu ya pesa zenyewe.

Hapo hapo Dagoretti Corner kuna makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Kazi moja ya idara hiyo ni kupima mvua na kuandika kila siku. Mvua iliyonyesha jana huwezi kuipima tena leo; kama haikuandikwa, ama maandishi yamepotea, basi imepotea kabisa. Michango ya kikundi ni vivyo hivyo. Shilingi mia mbili alizotoa mtu katika mkutano wa Machi mwaka jana hazitatolewa mara ya pili ili mzione. Kinachobaki ni maandishi. Ndiyo maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

KOMPYUTA HUANDIKA NAMNA GANI?

Ukifungua hesabu za kikundi kwenye kompyuta unaona safu, majina na tarakimu. Lakini ndani ya flashi hakuna safu wala majina. Kuna alama mbili tu, ndiyo na hapana, kama taa inayowaka na kuzimika. Alama nane zikiwekwa pamoja huitwa baiti. Baiti moja inaweza kuwa na sura 256, kuanzia 0 mpaka 255.

Kuandika alama hizo moja moja kungechosha. Kwa hiyo mafundi hutumia hesabu ya kumi na sita, ambayo huiita heksi. Sisi huhesabu kwa kumi kwa sababu tuna vidole kumi. Wao huanza 0 mpaka 9, halafu wanaendelea na A, B, C, D, E na F. Kwa njia hiyo kila baiti inaandikwa kwa alama mbili tu, kuanzia 00 mpaka FF.

Tuchukue mfano. Herufi kubwa A ndani ya kompyuta ni 41 ya heksi. Hiyo ni 16 mara 4, ongeza 1, yaani 65 katika hesabu yetu ya kawaida. Neno HARAMBEE likiandikwa kwa herufi kubwa linakuwa hivi:

48 41 52 41 4D 42 45 45

Hesabuni wenyewe: herufi nane, baiti nane. Ile 41 imetokea mara mbili kwa sababu A zimetokea mara mbili, na 45 mbili za mwisho ni zile E mbili. Hakuna uchawi hapo.

PROGRAMU YA HEKSI NI NINI?

Programu za kawaida hutuonyesha uso wa faili. Programu ya heksi hutuonyesha mifupa, kama eksirei ya hospitali. Haijali kama faili ni barua, picha au hesabu. Inaonyesha baiti zote jinsi zilivyokaa.

Ukiifungua utaona sehemu tatu. Kushoto ni nambari ya mahali, kama nambari ya ploti. Katikati ni baiti zenyewe, mara nyingi 16 kwa kila mstari. Kulia ni herufi, pale ambapo baiti hizo zinasomeka kama herufi. Zisiposomeka unaona nukta au alama za ajabu.

Programu hizi ziko nyingi. HxD ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows. WinHex, iliyotoka Ujerumani, imetumika tangu miaka ya 1990 na hununuliwa. Wapelelezi wengi wanaifahamu. Ziko pia TestDisk na PhotoRec, zilizoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, nazo ni za bure. Hizi mbili si za kusoma heksi kwa macho, bali zinafanya zenyewe ile kazi ya kutafuta ambayo fundi angeifanya kwa mkono.

KUFUTA SI KUCHOMA

Hapa ndipo penye siri yote, basi tusome pole pole.

Watu wengi hudhani ukibonyeza "futa" faili inachomeka. Sivyo. Flashi ni kama shamba lililogawanywa vipande, na mbele kuna kibao chenye jina la mwenye kila kipande. Ukifuta faili, kompyuta inang'oa kibao tu na kusema kipande hiki hakina mwenyewe, yeyote anaweza kulima. Mahindi bado yamesimama pale pale. Yatakatwa siku mwingine akija na jembe lake, yaani siku faili mpya itakapoandikwa juu yake.

Flashi nyingi, hasa zisizozidi GB 32, hutumia utaratibu uitwao FAT. Katika utaratibu huo kuna orodha ya majina ya faili. Tuseme faili ya kikundi inaitwa DAFTARI.XLS. Ndani ya orodha jina lake linaanza hivi:

44 41 46 54 41 52 49

Mtu akiifuta, kompyuta haipotezi muda kufuta jina lote. Inabadilisha baiti ya kwanza tu:

E5 41 46 54 41 52 49

Ile E5 maana yake ni "faili hii imefutwa". Herufi ya kwanza imeliwa, lakini AFTARI bado inasomeka, na ukubwa wa faili bado umeandikwa pembeni. Kompyuta inafuta pia ile ramani inayoonyesha faili iliendelea kwenye vipande gani. Kama faili ilikaa vipande vinavyofuatana, fundi anaipata yote. Kama ilitawanyika huku na huku, kazi inakuwa ngumu, na huenda akapata nusu tu.

Angalieni jambo lingine: ukifuta faili ndani ya kompyuta yenyewe, mara nyingi huenda kwanza kwenye pipa la taka, na unaweza kuitoa huko. Lakini ukifuta kwenye flashi, Windows kwa kawaida haipitishi pipani. Kwa hiyo msikae kuitafuta huko mkakata tamaa.

PENGINE HAIKUFUTWA, IMEFICHWA

Kabla ya kulia, ulizeni kama ni virusi. Flashi inayoingia katika kompyuta nyingi za saiba hupata virusi upesi. Kuna vile vinavyoficha folda zenu zote na kuweka mahali pake alama za njia ya mkato zenye majina yale yale. Ukibonyeza hizo, unakiamsha kirusi. Watu huona flashi haina kitu na kusema, "Imefutika," kumbe faili zote zimo.

Kwenye programu ya heksi jambo hili linaonekana wazi. Kila jina katika orodha ya FAT lina baiti moja ya tabia yake. Folda ya kawaida ina 10. Ikifichwa na kufanywa ya mfumo, hiyo 10 inaongezwa 02 na 04, inakuwa 16. Ni baiti moja tu imegeuka, na kikundi kizima kinagombana! Fundi anaweza kuirudisha kwa amri ya Windows iitwayo attrib, bila hata kugusa heksi, baada ya kusafisha hicho kirusi.

ALAMA ZA MWANZO WA FAILI

Tuseme kibao kimeng'olewa kabisa na jina halipo. Je, fundi atajuaje kwamba hapa palikuwa na picha na pale palikuwa na barua? Ni kwa sababu karibu kila aina ya faili huanza na baiti zake maalum, kama vile ng'ombe wanavyotambuliwa kwa chapa. Baadhi ni hizi:

- Picha za JPEG, ambazo simu nyingi hupiga: huanza na FF D8 FF na kuishia FF D9.
- Picha za PNG: huanza na 89 50 4E 47. Zile tatu za mwisho ni herufi PNG zenyewe.
- Faili za PDF: huanza na 25 50 44 46, yaani alama ya asilimia, halafu PDF.
- Faili za zamani za Word na Excel: huanza na D0 CF 11 E0.
- Faili mpya za Word na Excel: huanza na 50 4B 03 04. Hizo mbili za kwanza ni herufi P na K, za Phil Katz, Mmarekani aliyebuni namna hiyo ya kubana faili.

Fundi, ama programu kama PhotoRec, hupita flashi nzima kutoka mwanzo mpaka mwisho akitafuta chapa hizi. Akikuta FF D8 FF anajua picha imeanzia hapo, anachukua mpaka mwisho wake. Jina la faili halitapatikana kwa njia hii, lakini picha itapatikana. Ndiyo maana tunawashauri mpige picha kurasa za daftari: picha ni rahisi kuokoa.

Faili mpya za Excel zimebanwa, kwa hiyo hutaona majina ya wanachama ukizitazama kwa heksi. Usiseme hazina kitu. Zikishaokolewa nzima zitafunguka zenyewe kwenye kompyuta.

HATUA ZA KUFUATA

Ikiwa kumbukumbu zimepotea, tafadhali fuateni hatua hizi kwa mpangilio wake.

1. Acheni kuitumia flashi hiyo papo hapo. Chomoeni. Msinakili nyimbo, msihifadhi barua, msijaribu "kidogo tu". Kila kinachoandikwa sasa kinaweza kuwa kinalima juu ya daftari lenu.

2. Msikubali kufomati. Mara nyingine kompyuta itasema ni lazima diski ifomatiwe kabla ya kutumika. Fundi mwenye haraka atauliza, "Mama, nifomati?" Mwambie, "Hapana, mwanangu, ngoja kwanza." Fomati ya haraka huacha data nyingi mahali pake, lakini fomati kamili kwenye Windows za siku hizi huandika sifuri kila mahali. Baada ya hapo hakuna wa kuokoa.

3. Iwekeni ndani ya bahasha. Andikeni tarehe, saa, nani aliyekuwa nayo na nini kilionekana. Watu wawili watie sahihi. Hata kama hamna mashaka na mtu yeyote, fanyeni hivyo, baadaye mtashukuru.

4. Kama ni kadi ndogo iliyo ndani ya adapta, sukumeni kale kajiti ka pembeni upande wa kufuli. Hapo kompyuta itasoma bila kuandika. Flashi nyingi za kawaida hazina kufuli hilo, na Windows inaweza kuandika vitu vyake mara tu ukizichomeka. Sababu nyingine ya kutozichomeka ovyo.

5. Fundi atoe kwanza nakala nzima. Si nakala ya faili, bali nakala ya flashi yote, baiti kwa baiti, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu. TestDisk inaweza kuifanya kazi hiyo, na kwenye Linux kuna amri ya dd. Flashi yenyewe irudi kwenye bahasha. Kazi yote ifanywe juu ya nakala. Fundi akikosea, mnatoa nakala nyingine.

6. Kinachookolewa kihifadhiwe mahali pengine. Msirudishe faili zilizookolewa kwenye flashi ile ile. Huko ni kujaza maji kwenye kisima mnachokichota.

7. Linganisheni na maandishi mengine. Hata faili ikifunguka, isomeni mbele ya kikundi na kuilinganisha na risiti, taarifa ya benki na taarifa ya M-Pesa.

Ukimpata fundi asiyekubali hatua ya 5, mshukuruni na muondoke. Na kabla ya kuanza, mkubaliane bei kwa maandishi, pamoja na yale atakayolipwa asipopata kitu.

YASIYOWEZEKANA

Tusidanganyane. Kuna mahali programu ya heksi haitasaidia.

Kilichoandikwa juu yake kimekwenda. Mtu akiwaambia ana mashine ya kusoma kilichokuwa chini, msimpe pesa.

Kompyuta nyingi mpya hutumia diski za SSD. Hizi, faili ikifutwa, huambiwa na kompyuta zisafishe kipande hicho zenyewe, na baada ya muda mfupi hakuna kitu. Simu za kisasa za Android hufunga data yote kwa ufunguo wa siri; baiti ziko, lakini zinasomeka kama mchanga. Kwa hiyo kilichofutwa ndani ya simu yenyewe ni vigumu sana kukipata, lakini kilichofutwa kwenye kadi ya memori iliyo ndani ya simu mara nyingi hupatikana, ikiwa kadi hiyo haikufungwa kwa ufunguo.

Na flashi iliyovunjika au kuungua haihitaji programu, inahitaji fundi wa vifaa mwenye mikono mizuri.

Pale njia hii inapofika mwisho, kumbukeni kwamba pesa huacha nyayo mahali pengi. Benki ina taarifa. M-Pesa ina taarifa, na mwenye laini anaweza kuiomba kwa kubonyeza *334#. Wanachama wana risiti na ujumbe kwenye simu zao. Kikundi kinaweza kujenga upya daftari lake kwa njia hiyo, ingawa ni kazi ya majuma mengi.

NANI ALIFUTA?

Hili ndilo swali linaloleta moto mkutanoni. Ni vizuri tujue kile baiti zinaweza kusema na kile haziwezi.

Zinaweza kusema mengi. Huko Marekani, katika jimbo la Kansas, mtu mmoja aliyeua watu kumi kati ya 1974 na 1991 alisumbua polisi kwa miaka mingi. Mnamo Februari 2005 alituma flopi kwenye kituo cha televisheni akiamini haiwezi kumfichua. Wapelelezi walikuta humo faili ya Word iliyokwisha kufutwa, na ndani yake jina la kanisa na jina Dennis. Dennis Rader, aliyekuwa kiongozi wa baraza la kanisa hilo, alikamatwa mwezi huo huo. Alidhani kufuta ni kuchoma.

Nazo picha za simu huficha tarehe, saa na aina ya simu karibu na mwanzo wake. Ukizifungua kwa heksi unazisoma upande wa kulia. Risiti inayosemwa ilipigwa picha mwezi wa Machi inaweza kuonekana ilipigwa Julai.

Lakini ngojeni. Saa ya simu inaweza kuwa imewekwa vibaya. Picha ikipitia WhatsApp kwa kawaida hupoteza habari hizo. Na kubwa zaidi: programu ile ile inayosoma baiti inaweza pia kuzibadilisha. Anayeweza kuona Julai anaweza kuandika Machi. Tena baiti zinaweza kusema faili ilifutwa, lakini haziwezi kusema ni mkono wa nani ulibonyeza. Flashi iliyopita kwa katibu, kwa kijana wa saiba na kwa mtoto wa nyumbani haina mshitakiwa mmoja.

Wakenya waliona jambo hili katika kesi kubwa. Tarehe 5 Septemba 2022 Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi juu ya uchaguzi wa urais, majaji walisema kwamba baadhi ya kumbukumbu za mitambo zilizoletwa kama ushahidi zilikuwa ama za uchaguzi wa 2017 ama za kughushi. Karatasi zenye maandishi ya kompyuta zilionekana za kuaminika mpaka zilipopekuliwa. Kama hilo laweza kufika mahakama ya juu kabisa, si laweza kufika kwenye mkutano wetu chini ya mwembe?

Kwa hiyo wapelelezi hutumia namba ya utambulisho wa faili. Moja inayotumika sana huitwa SHA-256. Programu inasoma faili yote au flashi yote na kutoa alama 64 za heksi. Mtu akibadilisha hata baiti moja, namba inayotoka ni tofauti kabisa. HxD inaweza kuitoa. Siku mnapotoa nakala nzima, itoeni namba hiyo na kuiandika kwenye minitsi. Baadaye mtu akisema, "Mmeigeuza," mnaitoa tena mbele yake na kulinganisha. Zikifanana, nakala haikuguswa tangu siku ile.

Kama jambo litafika mahakamani, Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, ina kifungu 106B kilichoongezwa mwaka 2009. Kinataka kumbukumbu za kompyuta ziletwe pamoja na cheti kilichotiwa sahihi, kinachoeleza zilitolewaje na kwa kifaa gani. Bahasha yenu, minitsi zenu na namba ile ndizo zitasaidia kuandika cheti hicho. Kama kuna wizi wa kweli, msifanye upelelezi wenu wenyewe. Pigeni ripoti polisi na mkabidhi flashi bila kuifungua. Idara ya Upelelezi wa Jinai ina Maabara ya Taifa ya Upelelezi katika makao yake makuu ya Kiambu Road, iliyofunguliwa Juni 2022.

Na mjue kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa na kuharibu data yake. Kuchukua simu ya mweka hazina akiwa jikoni na kuipekua si upelelezi, ni kosa. Sisi Wakristo tuna neno la kuongeza: amri ya Mungu inakataza kumshuhudia jirani uongo. Kumwita mtu mwizi kabla ya kutoa nakala na kulinganisha ni kuikaribia sana amri hiyo.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Kama kufuta si kuchoma, basi pia flashi au kompyuta mnayouza au kumpa mtu bado ina siri zenu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Garfinkel na Shelat, walichapisha matokeo ya kununua diski kuukuu 158. Ndani yake walikuta zaidi ya nambari 5,000 za kadi za benki na hata habari za wagonjwa. Wauzaji walidhani wamezifuta. Kabla ya kutoa kompyuta ya kikundi, mwambieni fundi aandike sifuri kwenye diski yote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayetunza habari za watu azilinde, na orodha ya vitambulisho vya wanachama ni habari za watu.

KINGA NI BORA

Haya machache yatawaokoa na mengi:

- Daftari la karatasi lisiachwe. Kompyuta imsaidie katibu, isichukue kiti chake.
- Wekeni nakala tatu: moja kwa katibu, moja kwa mweka hazina, moja ofisini kwa kanisa au mahali pengine mnapopaamini. Zisikae nyumba moja.
- Kila mkutano ukiisha, pigeni picha ukurasa wa siku hiyo na wanachama wawili zaidi wabaki nayo.
- Flashi ya kikundi isibebe nyimbo wala filamu, na isiazimwe.
- Someni jumla ya pesa kwa sauti kila mkutano. Kumbukumbu iliyo katika masikio ya watu ishirini haifutiki kwa kidole kimoja.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kumbukumbu zetu ziko wapi leo hii, na ni nani anayejua?
2. Flashi yetu ikifutika kesho, ni nani ataichomoa na kuiweka kwenye bahasha?
3. Tuna njia gani ya kumsikiliza mweka hazina kabla ya kumhukumu?
4. Tukipoteza kompyuta yote, tunaweza kujenga upya hesabu za mwaka mmoja kutoka wapi?

Tunawaomba mjibu maswali haya katika mkutano wenu ujao, na mwandike majibu. Mwandike kwa kalamu, kwenye karatasi.